Jinsi Ufunguo wa Chumba Namba Kumi na Mbili Ulivyoingia Dirishani

Sogeeni karibu, enyi mnaodeki na enyi mnaodekiwa, enyi mnaokanyaga sakafu mbichi bila kuomba radhi na enyi mnaosimama pembeni mpaka ikauke! Wekeni chini ndoo, wekeni chini vitabu, na simu zenu ziacheni zilie peke yake. Hapa yanasimuliwa mambo makubwa: jinsi ufunguo mmoja wa shaba, wenye kibao cha mti kilichoandikwa kumi na mbili, ulivyosafiri kutoka dirisha la ghorofa ya tatu hadi mkononi mwa mtu aliyekuwa ghorofa ya pili, safari ya mita tatu hivi, iliyochukua, pamoja na maandalizi yake, saa nzima na zaidi na kugharimu jasho, machozi kidogo, na mkanda mmoja wa suruali.

Wako wafalme walioteka miji kwa muda mfupi kuliko huo. Lakini wafalme walikuwa na majeshi, na hakuna hata mmoja wao aliyepigana akiwa katika siku ya mwisho ya majaribio ya kazi.

Ewe ulimi, usikwame. Ewe pumzi, usikatike katikati ya sentensi. Habari inaanza.

Shujaa wake aliitwa Kimya. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini wenzake wa kitengo cha usafi hawakulisikia, kwa sababu alipoulizwa siku ya kwanza alilitaja akiwa ameinamia kifua chake, na kwa siku nne wakadhani binti wa watu hana sauti. Aliacha shule akiwa darasa la sita, mama yake alipougua na wadogo zake wawili wakahitaji mtu wa kuwapikia na kuwafulia. Huyo ndiye Kimya, Mbeba Ndoo Mbili, Mtakasa Korido, Mshika Dekio Asiyeacha Mstari. Ambaye sabuni ilimtii, na vumbi lilipomwona akitokea kona ya ngazi lilijua siku zake zimekwisha. Mbele ya uchafu alikuwa simba. Mbele ya binadamu mwenye macho mawili, maneno yote yalimkimbilia tumboni, yakakaa huko, yakafunga mlango.

Miezi mitatu alikuwa amefanya kazi katika chuo kile kwa majaribio. Siku hiyo, saa nne asubuhi, Mama Msimamizi angekuja na fomu, atie sahihi au asitie. Nyumbani wadogo zake walikuwa wameamka mapema kuliko kawaida ili kumwambia dada kila la heri, na mdogo kabisa akamwuliza, "Wakikukataa utarudi lini?" Kimya akamjibu, "Saa tano." Mtoto akafurahi, maana saa tano ni mapema.

Sasa sikieni habari za chumba chenyewe. Chumba namba kumi na mbili kilikuwa ghorofa ya pili, chenye viti vilivyofungwa sakafuni kwa misumari ili visitoroke, meza moja kubwa ya mwalimu, dirisha moja lenye nondo, na ubao mweusi uliofunika ukuta mzima. Humo alitawala Profesa, mtu mwembamba, mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliyefundisha elimu iitwayo jiometri simplektiki. Jina hilo Kimya alilisoma kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, silabi kwa silabi, kwa siku tatu, na siku ya nne akalimaliza. Maana yake aliipata bila ada, kwa kudeki korido wakati mlango uko wazi.

Ni elimu ya vitu vinavyokwenda: jiwe lililorushwa, sayari, bembea ya mtoto. Profesa aliwaambia wanafunzi wake kwamba ukitaka kujua bembea itakuwa wapi baadaye, haitoshi kujua iko wapi sasa. Lazima ujue na mwendo wake, pamoja na uzito unaobebwa na mwendo huo. Mahali na mwendo, alisema, ni mume na mke. Ukimhoji mmoja bila mwenzake hupati habari kamili ya nyumba. Basi akachora mstari uliolala, akauita mahali. Akachora mstari uliosimama, akauita mwendo. Na kila hali ya bembea ikawa nukta moja kati ya mistari hiyo miwili. Bembea inapokwenda na kurudi, nukta inazunguka na kuchora umbo kama yai. Jiometri nyingine hupima urefu na pembe. Hii haijali urefu wala pembe. Inachunga eneo tu, lile eneo ambalo mahali na mwendo wamezaa pamoja.

"Libaneni yai huku," Profesa alikuwa akinguruma, "litavimba kule! Mkibana mahali, mwendo utavimba. Mkibana mwendo, mahali patavimba. Eneo ni lile lile! Mwaka mzima nawaambia, na mwaka mzima mnanitazama kama mbuzi kwenye dirisha la duka!"

Wanafunzi waliandika. Kimya, koridoni, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshasukuma mafuta yaliyomwagika kwa dekio kavu. Aliyaona yakirefuka, yakijipinda, yakigeuka utepe mwembamba, lakini kupungua hayapungui. Jambo hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba watu walihitaji mwaka mzima.

Siku ile Profesa alikuwa na somo la mwisho la muhula, saa nne, na picha yake kubwa ya mayai, yai ndani ya yai ndani ya yai, ilikuwa imekaa ubaoni wiki mbili chini ya neno USIFUTE. Amri ilikuwa hii: Kimya akimaliza kufagia asubuhi, afunge mlango kwa ufunguo, mkono wa mtu usiguse ubao. Na sheria ya kitengo ilikuwa hii: kabla ya kufunga mlango wowote, bisha hodi mara tatu.

Saa mbili na nusu Kimya alikwenda kumwaga maji machafu. Nyuma yake, Profesa aliingia chumbani, akaona yai la chini kabisa limepinda, akapiga magoti nyuma ya meza ile kubwa ili kulinyoosha. Kimya akarudi, akashika mlango, na kwa sauti ambayo hata nzi aliyetua kwenye kitasa hakuisikia, akasema, "Hodi." Ya pili aliisema moyoni. Ya tatu aliikusudia tu.

Profesa naye akichora, hata ngoma ipigwe sikioni hasikii. Hakuitikia.

Ufunguo ukazunguka mara mbili. Kra. Kra. Na hivyo ndivyo vita vilivyoanza, kwa kosa ambalo mtu mwenye sauti asingelifanya na mtu mwenye masikio asingelipata.

Hatua kumi hazikuisha, mlango ukagongwa kutoka ndani.

"Nani kanifungia? Kuna mtu hapo?"

Kimya akasimama kama nguzo. "Ni mimi," akasema.

"Mimi nani?"

"Wa ndoo."

"Basi wa ndoo, fungua."

Akaingiza ufunguo. Ukazunguka. Ukaendelea kuzunguka, laini kabisa, bila kushika chochote, kama kijiko ndani ya kikombe cha chai.

"Unazunguka tu, Profesa."

"Nini kinazunguka?"

"Ufunguo."

Ijulikane kwamba kitasa kile kilikuwa mgonjwa kwa miezi minne. Upande wa nje kilikuwa kinashika siku kikipenda, na siku hiyo kilipenda kufunga, hakikupenda kufungua. Upande wa ndani kilikuwa kizima: ingiza ufunguo, zungusha mara mbili, umetoka. Fundi wa vitasa alikuwa anakuja wiki ijayo, na alikuwa anakuja wiki ijayo tangu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo dunia nzima ilikuwa imegawanyika mara mbili: nje kulikuwa na ufunguo, ndani kulikuwa na tundu lake, na katikati mlango wa mbao nene, wenye ukanda wa mpira uliopigiliwa chini kuzuia maji. Ukanda huo Kimya aliusugua kila siku. Alijua kwamba hata karatasi haipiti.

"Sikiliza, binti," Profesa akasema kupitia mbao, kwa sauti ya jemadari aliyezingirwa. "Saa nne wanafunzi sitini watasimama hapo ulipo. Sitaki wanikute nimefungiwa kama kuku. Tafuta msaada!"

Wanafunzi sitini hawakumtisha Kimya. Aliyemtisha ni mama mmoja mwenye fomu. Mtu aliyemfungia mwalimu ndani katika siku yake ya mwisho ya majaribio hatiwi sahihi, huonyeshwa geti. Akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwa Mzee wa Geti, mlinzi wa kizuizi cha chuma, aliyekuwa anapuliza chai yake.

"Shikamoo mzee. Nimemfungia Profesa."

"Marahaba. Umemfungia nini?"

"Ndani."

Mzee akaweka kikombe chini. Ngazi ndefu ya chuo, akasema, iliazimwa na watu wa karakana mwezi uliopita, na karakana imefungwa. Kisha akasimama, akavuta suruali, akautazama ule ufunguo mkononi mwa Kimya, halafu akalitazama dirisha la ghorofa ya pili, ambako uso wa Profesa ulikuwa umebanwa kati ya nondo mbili.

"Lete hapa," akasema. "Mkono unaouona, binti yangu, umedaka penalti tatu katika mechi moja. Kama unajua kudaka, unajua kurusha. Rudi nyuma. Profesa! Kaa tayari!"

"Niko tayari!" akajibu Profesa.

Ole! Mara ya kwanza ufunguo uligonga ukuta na kurudi karibu umtoboe aliyeurusha. Mara ya pili uligonga nondo, ukalia kengele nzuri sana, ukaangukia kwenye ua wa miba. Mzee akaingia mibani mzima, akatoka nusu, ufunguo mkononi. Mara ya tatu ulitua juu ya kibaraza cha ghorofa ya kwanza, ukakaa huko unaota jua, na robo saa ikapotea ikitafutwa fimbo ya kuuangushia.

"Hiyo ya tatu ilikuwa nzuri," Mzee akasema.

"Mzee, ilikuwa ghorofa ya kwanza!" Profesa akapiga kelele.

"Nasema ilinyooka."

Hapo Profesa akavua mkanda wake na kuuteremsha dirishani, akisema waufungie ufunguo. Mkanda ukaning'inia juu, mbali, kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na Mzee aliporuka alishika hewa. Kisha ukamponyoka Profesa. Ukaangukia mibani, na ukaachwa huko, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuingia tena.

"Sasa suruali inashuka," Profesa akatangaza. Ilikuwa saa tatu na robo.

"Kamba!" akanguruma tena. "Dirisha lililo juu yangu liko wazi. Aende mtu juu, aushushe kwa kamba!"

Basi Kimya akapanda hadi ghorofa ya tatu, na silaha zake ni hizi: dekio moja, ambalo mpini wake una tundu mwishoni la kulitundikia kwenye msumari, na kamba nyembamba ya kufungia mabunda ya karatasi, ndefu kuliko subira ya mtu. Akafunga ufunguo pamoja na kibao chake kwenye kamba, akapitisha kamba kwenye lile tundu, akauchomoza mpini nje kama mkuki, na mkono wa kushoto akashika kamba ili aiachie au aivute atakavyo.

Lakini waliojenga jengo lile walikuwa wameweka juu ya kila dirisha bamba la zege la kuzuia jua, limetokeza nje. Kimya aliona bamba. Chini ya bamba hakuona kitu. Ufunguo uliposhuka ulining'inia mbali na nondo, na mkono wa Profesa ulipita kati ya nondo mpaka kwenye kiwiko, ukakwama hapo. Kati ya vidole vyake na ufunguo ilibaki nafasi ya hatua moja ya mtu mzima. Hatua moja! Bahari zimevukwa, na hatua ile ilikuwa haivukiki.

"Ubembeze!" Profesa akasema kutoka chini.

Kimya akautikisa mpini, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akifuata mwenendo wa kamba kama mtu anayembembeza mtoto asiye wake. Mzee wa Geti akasimama kwenye maua, akawa macho ya jeshi.

"Bado mkono mzima! … Bado nusu mkono! … Bado shubiri! … Bado vidole vinne, binti, vinne tu!"

Vidole vinne vikabaki vinne. Kimya akaongeza nguvu. Ufunguo ukaruka, ukapita mkono wa Profesa bila salamu, ukagonga nondo, ukarudi umepinda, ukajizungushia kamba yake mwenyewe. Akautuliza, akaanza upya. Vidole vinne. Akaongeza tena. Ukagonga tena, na mara hii ukamgonga Profesa kwenye kifundo.

"Aiii! Unakuja kwa kasi! Unanipita kwa kasi!" Kisha Profesa akavuta pumzi, akatoa hotuba, maana mtu aliyezoea ubao hata gerezani hufundisha. "Sikilizeni! Tatizo ni kamba ndefu! Kamba ndefu haitawaliki! Ifupishe, binti, iwe fupi, iwe chini ya utawala wako, na huo ufunguo utakuwa mtumwa wetu! Fupisha!"

Kimya alikuwa mtu wa kutii. Akavuta kamba kwa mkono wa kushoto, taratibu, ufunguo ukiendelea kubembea. Na mpini ukaanza kumtetemekea mkononi kwa haraka zaidi, kama moyo wa mtu anayekimbia.

"Unakwenda mbio kama nyuki!" Mzee akaripoti. "Na sasa hauendi mbali! Bado shubiri!"

"Fupisha zaidi!" akaamuru Profesa.

Hapo ndipo Kimya alipoliona yai. Hakuliona kwa macho. Macho yake yaliona zege tu. Aliliona kwenye mkono. Upana wa mbembeo umepungua, mwendo umeongezeka. Yai limesimama, limekuwa jembamba na refu, na eneo lake ni lile lile. Likizidi kusimama, ufunguo utazidi kukimbia na utazidi kuwa mbali na mkono wa Profesa. Mwenye elimu yake, aliyeichora kwa mkono wake na kuiandikia USIFUTE, alikuwa amesimama mgongo wake ukiwa umeelekea ubao, suruali mkononi, akiamuru kinyume chake.

"Profesa," akasema, "si kufupisha."

Sauti ilifika kwenye zege, ikaishia hapo.

"Binti amesema kitu?" Mzee akauliza.

"Hajasema kitu," Profesa akajibu. "Fupisha!"

Kimya akainua macho. Ng'ambo ya uwanja, kutoka upande wa ofisi, alikuwa anakuja Mama Msimamizi, mwanamke mpana, mwenye mwendo wa mtu ambaye sakafu zote ni zake, na kwapani ana fomu. Saa nne kasoro dakika kumi. Akimtii Profesa, ufunguo hautafika. Akiendelea kunong'ona, hautafika pia. Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilipita kooni mwake, mahali ambapo hapakuwa pamepita mtu miaka mingi.

Akafungua kinywa.

"PROFESAAA!"

Njiwa waliokuwa juu ya paa wakaondoka wote kwa pamoja. Mzee wa Geti akakanyaga ua. Mama Msimamizi akasimama katikati ya uwanja.

"Wewe mwenyewe ulisema! Ukibana mahali, mwendo unavimba! Umenifanya nilisimamishe yai, sasa limekuwa jembamba! Mimi nalilaza! Naachia kamba, ufunguo utakwenda mbali na utapoa! Na wewe tulia, weka mkono chini, usiudake mpaka usimame wenyewe!"

Chini ya bamba la zege, mtu aliyefundisha miaka ishirini na mbili aligeuza shingo, akautazama ubao wake, halafu akairudisha.

"Ni kweli," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha, kwa sababu hakuweza kujizuia: "Ila taratibu, binti. Ukiachia kwa pupa, eneo halitakulinda."

"Najua!"

"Nani huyo anapiga kelele kazini?" Mama Msimamizi akamwuliza Mzee wa Geti, akimkaribia.

"Ni Kimya."

"Kimya yupi?"

"Wa kwako. Wa kitengo chako."

"Yule? Mzee, asubuhi yote hii usinitanie."

Lakini Mzee alikuwa hana muda wa mtu, macho yake yako juu. Kimya aliachia kamba upana wa ukucha, akangoja ufunguo uende na kurudi mara tatu. Akaachia tena upana wa ukucha, akangoja tena. Hakusukuma. Hakuongeza kitu wala hakupunguza kitu; alilibonyeza yai tu, kama mtu anayetandaza shuka juu ya mtoto aliyelala. Na mpini mkononi mwake ukaanza kupumua polepole. Ufunguo ulishuka, mbembeo wake ukapanuka, mwendo ukapoa.

"Shubiri!" Mzee akasema. "Vidole vinne … Vitatu. Mama, tazama, tazama! Viwili."

"Ninatazama nini?" akasema Mama Msimamizi, naye akitazama.

"Kimoja!"

Ukucha mmoja tena. Ufunguo ukaondoka ukutani, ukaenda hewani mpaka mwisho wake wa mbali, ukageuka, ukarudi chini ya bamba, ukipanda, ukipungua mwendo, ukizidi kupungua. Na pale kwenye ncha kabisa ya yai, ambapo mahali ni pa mbali kuliko pote na mwendo ni sifuri, ukasimama. Ukasimama kidogo tu, muda wa mtu kufumba jicho. Na pale uliposimama palikuwa na kiganja cha mtu.

Profesa akafumba vidole.

"NIMEUPATA!"

Mzee wa Geti akarusha kofia yake juu, na hiyo nayo ikaangukia mibani.

Mlango wa chumba namba kumi na mbili ulifunguliwa saa nne kasoro dakika tatu. Kra. Kra. Profesa akatoka, mkono mmoja ufunguo, mkono mwingine suruali. Kimya alikuwa ameshashuka na dekio lake. Mama Msimamizi alikuwa ameshapanda na fomu yake, anahema, na Mzee nyuma yake, ambaye hakuwa na kazi huko juu lakini asingekosa.

"Mama," Profesa akaanza, akinyoosha mkono wa ufunguo, "leo katika jengo hili umetendeka ushindi ambao—"

"Shikamoo mama," Kimya akasema.

Wote wakamgeukia. Alisema, na walimsikia.

"Marahaba."

"Nilimfungia mimi. Sikubisha vizuri. Nilibisha moja, tena kidogo."

Mama Msimamizi alikisogelea kitasa, akauchukua ufunguo kwa Profesa, akauingiza upande wa nje, akauzungusha. Ukazunguka. Akauzungusha tena, ukazunguka tena, laini. Uso wake ukabadilika kidogo, uso wa mtu aliyekumbuka karatasi fulani.

"Hiki kitasa," akasema polepole, "kwenye ripoti yangu ya mwezi uliopita niliandika kimetengenezwa."

"Fundi alisema wiki ijayo," Mzee akasaidia.

"Mzee, nani yuko getini?"

"Hakuna mtu."

"Basi."

Mzee akashuka, lakini hatua nne tu. Mama Msimamizi akaweka fomu ukutani, akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaanza kuijaza akisoma kwa sauti, kama hakimu.

"Usafi. Mzuri sana, hilo sina neno. Kuwahi kazini. Anawahi. Heshima kwa wakubwa." Akamtazama Profesa. "Nimesikia kelele kutoka uwanjani. Alikuwa anakuambia wewe?"

"Aliniambia nitulie," Profesa akakiri.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikatulia."

"Nzuri," akaandika. Kalamu ikashuka hadi mstari wa mwisho, ikasimama hapo. "Matukio ya kutajwa."

Profesa akafungua kinywa ili aelezee mbembeo, yai na eneo, lakini Mama Msimamizi akampa jicho moja tu, akakifunga. Kisha akamtazama Kimya, muda mrefu, kuanzia kilemba hadi viatu vya mpira, na Kimya, kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu, hakuinama.

Mama Msimamizi akaandika: *Hakuna.*

Akatia sahihi. Akatoa muhuri mfukoni, akauhemea mara mbili ili ulowe, akagonga.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Na ukibisha hodi, bisha kama ulivyobisha leo dirishani."

Basi iandikwe, itunzwe, isomwe na watakaokuja: kwamba siku hiyo, mbele ya mashahidi watatu, hatua moja ya hewa ilivukwa bila kugusa ukuta, kwamba elimu ya mahali na mwendo, iliyokaa wiki mbili ubaoni ikisubiri mtu wa kuitumia, ilitumiwa na aliyekatazwa kuifuta, na kwamba ushindi huo wote, pamoja na mbinu zake, majeruhi wake na kelele zake, uliingia katika kumbukumbu rasmi za chuo kwa neno moja lenye sahihi na muhuri. Wapo mashujaa walioandikiwa vitabu vizima, vyenye picha, na hadi leo hakuna hata mmoja wao aliyepata ajira ya kudumu.